Antena ya redio kwenye gari: dalili unazoziona na vyanzo vyake

Fimbo inayoonekana juu ya gari ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni gari lenyewe: paa, boneti, milango, chesisi na kila bolti inayovishikanisha. Mwendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani anayewasiliana hewani kwa kujifurahisha bila biashara, asipoliweka hili kichwani atabadilisha fimbo mara tatu, atavuta kebo mpya, atafungua hata redio, na wenzake hewani wataendelea kumwambia kwamba anasikika kwa taabu.

Nimepanga mambo kwa kufuata dalili, kwa kuwa mtu aliye barabarani halijui bado jina la tatizo lake. Anachojua ni kile mita inachoonyesha na kile masikio yanachosikia.

Kabla ya yote, weka karibu multimita, mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena badala ya kuruka hewani; 1:1 ndiyo kamili) inayofaa kwa bendi unayotumia (mita iliyotengenezwa kwa HF, yaani masafa ya 3 hadi 30 MHz, hudanganya sana kwenye 435 MHz), na mzigo bandia, yaani kinzani cha omu 50 kinachomeza nguvu badala ya kuirusha hewani. Ukiweza kupata kichanganuzi cha antena, kipate. Mita ya SWR itakuambia tu kwamba mambo ni mabaya, lakini kichanganuzi kitakuambia antena inaitikia masafa gani, na hiyo ndiyo habari unayoihitaji.

Kazi ya kwanza ni kugawa njia. Funga mzigo bandia moja kwa moja nyuma ya redio na urushe kwa nguvu ndogo. SWR ikiwa 1:1 na nguvu inatoka kama kawaida, redio ni nzima. Kisha uhamishie mzigo kwenye ncha ya kebo, pale antena inapofungwa. Ikibaki 1:1, kebo na plagi zake ni nzima pia, na tatizo lako liko kwenye kitako (kishikio cha antena kwenye gari), fimbo au gari. Dakika kumi hizi huokoa siku nzima ya kubahatisha.

SWR imepanda ghafla kwenye bendi zote

Jana ilikuwa sawa, leo mita imegonga mwisho. Hapa usifikirie urefu wa fimbo, maana fimbo haibadiliki usiku mmoja. Fikiria mkatiko au mguso.

Anza na plagi ya PL-259, ile inayofungwa kwenye ncha ya kebo. Pini yake ya kati hutakiwa kujaa lehemu mpaka ndani, lakini nyingi huwa zimepakwa juu tu, na waya wa kati umekaa mle ukigusa kwa bahati. Wavu wa nje nao huweza kuwa na uzi mmoja uliochepuka ukagusa pini. Pima kwa multimita antena ikiwa imefunguliwa: kati na nje visiwe na mguso wowote, na kila kimoja kifike upande wa pili bila ukinzani wa maana.

Angalizo moja linalowapotosha wengi: ukipima antena ikiwa imefungwa, unaweza kuona mguso kamili kati ya waya wa kati na chesisi na bado hakuna kosa. Antena nyingi za VHF (30 hadi 300 MHz) zina koili kwenye kitako inayounganisha fimbo na ardhi, yaani bodi ya gari, kwa mkondo wa betri, na antena za HF zenye koili ya kulinganisha (inayopandisha ukinzani wa antena ufikie omu 50 za kebo) hufanya vivyo hivyo. Soma maelezo ya antena yako kabla ya kuihukumu.

Plagi zikiwa nzima, fuata kebo kwa vidole. Pale inapopita mlangoni au kwenye ukingo wa buti ndipo inapobanwa kila siku. Kebo nyembamba ya RG-58 ikibanwa, plastiki ya ndani huhama polepole kwa joto hadi waya wa kati unaukaribia wavu. Kwa nje utaona kijishimo tu. Ukikata kipande cha mwisho ukakuta wavu umekuwa mweusi au wa kijani, maji yameshaingia, na kebo hiyo haikaushwi. Itoe yote.

Vitako vya NMO, vile vinavyohitaji tundu la milimita 19 kwenye paa, vina mpira mdogo wa duara unaozuia maji. Mpira ukikauka, mvua hukaa kwenye kiguso cha kati. Futa, badilisha mpira, na ubonyeze kiguso kuona kama bado kinarudi juu.

SWR ni nzuri, lakini si pale unapotaka

Hapa hakuna kilichovunjika, ila antena inaitikia masafa mengine. Ikiitikia chini ya unapotaka, ni ndefu. Ikiitikia juu, ni fupi. Kwa antena ya robo ya wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya urefu wa wimbi, kwenye 145 MHz fimbo huwa karibu sentimita 49, na kila milimita tatu na kidogo husogeza kama 1 MHz. Kwa hiyo usikate kwa sentimita.

Kabla ya kukata chochote, toa gari nje, mbali na kuta, mabati na magari mengine, na ufunge milango yote pamoja na buti. Buti lililo wazi kandokando ya antena ni ukuta wa chuma, na litakupa kipimo ambacho hutakiona tena ukiwa safarini. Mwili wako pia unahesabika: pima, sogea, kisha usome.

SWR ni nzuri kabisa, lakini hakuna anayekusikia

Hii ndiyo dalili ninayotaka uielewe kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu waridhike na antena mbovu kwa miaka.

Chukua fimbo ya mita 2.4 kwenye bendi ya mita 40 (karibu 7 MHz). Robo kamili ya wimbi pale ni zaidi ya mita 10, kwa hiyo fimbo hiyo ni fupi mno, na ukinzani wake wa kurusha, yaani ule unaowakilisha nguvu inayokwenda hewani kweli, ni kama omu 2. Ongeza upotevu wa koili, tuseme omu 4, na upotevu wa gari na ardhi iliyo chini yake, tuseme omu 8. Jumla ni omu 14. Kebo yako ni ya omu 50, basi SWR itakuwa kama 3.6 hata antena ikiwa imeitikia barabara. Katika wati 100, zinazoruka hewani ni 14 hivi. Kwa gari, hiyo si mbaya.

Sasa acha viungio vishike kutu, kitako kikae juu ya rangi, waya wa ardhi ulegee. Upotevu wa ardhi unatoka omu 8 hadi 44. Jumla inakuwa 2 na 4 na 44, yaani 50. Mita yako itaonyesha 1:1, nawe utafurahi. Lakini hewani zinakwenda wati 4 tu. Nyingine 96 zinapasha joto chuma, koili na lami.

Kwa hiyo, kwenye bendi za chini, fimbo fupi isiyo na kifaa chochote cha kulinganisha ikikupa SWR safi, ishuku. Antena fupi iliyofungwa vizuri inatakiwa iwe na ukinzani mdogo kuliko 50, na wewe ndiye unayeupandisha kwa makusudi. Njia rahisi ni koili ndogo kati ya mguu wa fimbo na chesisi. Kwa mfano wetu wa omu 14 kwenye mita 40, mikrohenri 0.7 hivi inatosha. Unatanua au kubana mizunguko yake, huku ukirefusha au kufupisha fimbo kidogo, mpaka mita itulie.

Upana, yaani masafa ambayo antena inayakubali bila kurekebishwa, nao ni shahidi mzuri. Fimbo fupi ya bendi ya mita 80 (karibu 3.6 MHz) yenye koili nzuri hukaa chini ya 2:1 kwa kilohezi ishirini na kitu, kisha unatakiwa kuitengeneza upya. Siku utakapoona upana umeongezeka mara mbili bila wewe kugusa kitu, usishukuru. Kuna upotevu umeingia mahali.

Upotevu wa ardhi ndio mkubwa, basi anza nao. Kwangua rangi chini ya kitako mpaka chuma king'ae, funga, kisha funika pembezoni kwa rangi au grisi ili kutu isirudi. Halafu unganisha sehemu za gari kwa utepe mpana wa nyuzi za shaba: boneti na bodi, buti na bodi, milango, na bomba la ekzosi ambalo huning'inia kwenye mipira na kwa hiyo halijaungana na gari isipokuwa kule mbele kwenye injini.

Nasema utepe mpana na mfupi kwa sababu. Waya mwembamba wa sentimita 30 una karibu mikrohenri 0.3. Kwa betri huo ni mguso kamili, na multimita itasema sifuri. Kwa 28 MHz huo ni kizuizi cha omu 50 na zaidi. Wengi wamefunga waya wa namna hiyo kutoka kwenye kitako hadi bolti ya karibu, wakapima, wakaona sifuri, wakaondoka wakiamini ardhi ipo.

Baada ya ardhi, tazama mahali pa kitako. Antena iliyofungwa chini kwenye bampa, sehemu yake ya chini ikisimama sambamba na bodi, hupoteza nguvu nyingi kuliko iliyopanda juu. Koili inatakiwa iwe juu ya usawa wa paa, isikae sentimita chache kutoka kwenye chuma. Koili yenyewe iwe na waya mnene na umbo la kutosha. Kwenye 3.6 MHz fimbo ya mita 2.4 inahitaji koili yenye kizuizi cha kama omu 1,600. Ubora wake (kizuizi ukigawanya kwa upotevu) ukiwa 300, upotevu ni omu 5 na kitu, na ubora ukiwa 100, upotevu ni 16. Koili nyembamba iliyofunikwa kwa plastiki hupendeza macho, lakini kwenye mita 80 inakula zaidi ya inachotoa. Ukiongeza kofia ya nyaya juu ili ufupishe koili, iweke mbali na koili, karibu na ncha, la sivyo itaharibu kile ilichokuja kusaidia.

Kwenye VHF na UHF (300 hadi 3,000 MHz) kisa ni kingine. SWR nzuri isiyo na matunda mara nyingi ni kebo inayoficha makosa. Mita tano za RG-58 hula karibu desibeli 1 kwenye 145 MHz, yaani sehemu moja ya tano ya nguvu, na karibu desibeli 2 kwenye 435 MHz. Nguvu inayorudi kutoka kwenye antena mbovu hupunguzwa tena njiani, na mita iliyo kando ya redio inaona kidogo. Ndiyo maana kichanganuzi kipelekwe kwenye mguu wa antena.

Kitako cha sumaku kinafanya kazi VHF, HF kinasumbua

Sumaku haigusani na chuma cha paa, kwani kati yao kuna rangi. Kinachowaunganisha ni kapasita inayoundwa na sahani mbili. Sahani ya sentimita 12 juu ya rangi ya kawaida hutoa kama pikofaradi 1,000. Kwenye 145 MHz hicho ni kizuizi cha omu 1, hakuna atakayekiona. Kwenye 7 MHz ni omu 22, na kwenye 3.6 MHz ni 44.

Mkondo wa ardhi ukikuta mlango umebanwa hivyo, hutafuta mlango mwingine, nao ni upande wa nje wa kebo yako. Kebo inageuka sehemu ya antena, inashuka ndani ya gari hadi redioni. Utajua ukiona SWR inabadilika unapoisogeza au kuishika kebo. Dawa ya kweli ni kitako kilichofungwa kwa bolti. Kwa muda, vitako vya sumaku tatu au nne hupunguza makali, na feraiti (pete ya kauri ya sumaku inayozuia mkondo wa redio upande wa nje wa kebo) kwenye kebo husaidia.

Paa likiwa la alumini au la plastiki, sumaku haitashika kabisa. Kwa plastiki hata robo ya wimbi haitafaa bila kuwekewa chuma chini, na hapo ni bora fimbo ya nusu wimbi, ambayo haitegemei sana uwanda wa chuma.

Mita inacheza gari likitembea

Usimamapo ni sawa, ukiingia kwenye barabara ya matuta sindano inapanda na kushuka. Simamisha gari, mwombe mtu atikise fimbo kwa fimbo kavu ya mbao wakati unarusha kwa wati chache. Asitumie mkono, kwani ncha ya fimbo ya HF ina volti nyingi, na kuungua kwake huingia ndani ya nyama.

Vinavyolegea ni bawaba ya kukunja fimbo, skrubu ndogo inayoshika ncha, kiungio cha kufungua haraka, na springi. Springi nzuri ya HF ina utepe wa shaba ndani yake unaopitisha mkondo. Utepe huo ukikatika, springi yenyewe inakuwa koili inayobadilika kila tuta.

Kwa antena zenye mota zinazopandisha na kushusha koili, tazama vidole vya shaba vinavyotelezea juu ya mizunguko. Vumbi na oksidi huvifanya virukeruke: unabonyeza swichi, SWR inashuka vizuri, kisha inaruka ghafla na kurudi. Safisha kwa kitambaa na kisafishio cha viguso, usitumie msasa. Mota ikianza kujiendesha yenyewe unaporusha, au kihesabu chake kikipotea, nguvu ya redio inapita kwenye nyaya zake. Zizungushe kwenye feraiti karibu kabisa na antena.

Inaanza vizuri, kisha SWR inapanda ukiendelea kurusha

Kitu kinapata joto. Rusha nusu dakika, zima redio kabisa, kisha gusa: koili, plagi, feraiti. Chenye moto ndicho chenye kosa. Plagi yenye joto ni lehemu mbaya, na koili yenye joto kali ni upotevu au maji yaliyonaswa chini ya kifuniko. Ukisikia mlio wa kuchemka usiku, tazama ncha ya fimbo gizani. Ikiwaka kwa bluu, hewa inavunjika pale, na ndiyo maana fimbo za HF huwekewa kigololi juu. Usikipoteze.

Kelele zinameza kila kituo

Fungua kebo ya antena nyuma ya redio huku injini ikiwaka. Kelele ikibaki, inaingia kwa nyaya za umeme. Ikikatika, inaingia kwa antena. Bila jaribio hili kila kichujio utakachonunua ni bahati nasibu.

Kisha sikiliza tabia yake. Mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini ni altaneta, nao mara nyingi huponywa kwa kupeleka nyaya za redio moja kwa moja kwenye betri badala ya soketi ya dashibodi. Tiki-tiki inayofuata mwendo wa injini ni plagi za injini na nyaya zake, na hapo ule utepe wa boneti na ekzosi hufanya kazi ya pili. Mvumo unaokuja ukiwasha ufunguo hata kabla ya injini ni pampu ya mafuta. Kelele isiyojali injini kabisa huwa ni chaja ya simu, kamera ya dashibodi au taa za LED. Chomoa kimoja kimoja. Chaja ndogo ya USB inaweza kufunika bendi nzima, na ajabu ni kwamba mara nyingi ndiyo inayochunguzwa mwisho.

Ukirusha, gari linapatwa na wazimu

Taa za dashibodi zinawaka, spika inanguruma, sauti yako hewani inakwaruza. Nguvu inarudi ndani ya gari kwa upande wa nje wa kebo. Rudi kwanza kwenye ardhi ya kitako, maana hiyo ndiyo inayoifukuza. Baada ya hapo weka feraiti kwenye kebo karibu na antena, aina ya 31 kwa HF, na upitishe kebo mara kadhaa ndani yake. Mizunguko minne hutoa kizuizi cha karibu mara kumi na sita ya mmoja, si mara nne. Kama taa ya breki, usukani au mifuko ya hewa inaguswa, usirushe tena ukiwa kwenye mwendo mpaka umemaliza kazi hii.

Redio inazima ukibonyeza kipaza sauti

Hili si la antena, ila hulaumiwa antena kila siku, kwa kuwa huonekana pale pale unapoanza kurusha. Redio ya wati 100 huvuta kama ampia 20. Nyaya za milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi mita 8, hupoteza volti 1.8 njiani. Injini ikiwa imezimwa na betri ina 12.6, redio inapata 10.8, na nyingi haziwezi kuishi chini ya 11.7. Weka milimita mraba 4 na upotevu unashuka hadi 0.7. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Pima volti kwenye plagi ya nyuma ya redio wakati unarusha. Kipimo cha kwenye betri hakitakuonyesha kilichopotea njiani.